Katoka Misri jana, leo mnamtaka awe Yoshua

Jumapili iliyopita nimetoka kanisani na hasira, na mimi kwa kawaida kanisani natoka na njaa tu.

Ilikuwa kipindi cha ushuhuda. Kuna kijana mmoja wa bodaboda aliokoka mwezi wa tano kwenye mkutano wa injili, ule wa uwanjani, akanyoosha mkono akapewa maiki. Bwana asifiwe, ameni. Akashukuru kwa uzima, akasema pombe ameacha, amerudi kwa mke wake, tukapiga makofi na kinanda kikaitikia. Halafu, kwa ukweli wa mtu ambaye bado hajajua kanisani nini kinasemwa na nini kinamezwa, akasema, "Ila ndugu zangu sigara bado inanisumbua, nilikuwa namaliza pakti nzima, saizi navuta mbili tatu kwa siku, naomba mniombee." Kimya. Mpiga kinanda akawa anaangalia kinanda chake kama ndio kwanza anakiona. Mzee aliyekuwa anaongoza kipindi akamsogelea, akaichukua maiki taratibu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akasema, "Mwana akiwaweka huru mtakuwa huru kweli kweli! Hakuna huru wa mbili tatu!" Watu ameniii, wengine wakacheka. Kijana akakaa, akainama, akawa anachezea zipu ya jaketi lake, juu chini, juu chini, mpaka ibada inaisha.

Pakti ina sigara ishirini. Toa tatu. Yaani kila siku kuna sigara kumi na saba ambazo hazivutwi, na hazikupata hata kofi moja.

Na huo mstari mzee alioutupa, ni Yohana 8:36. Ukirudi nyuma kidogo tu pale 31 na 32, Yesu anaongea na watu ambao tayari wamemwamini, anawaambia, "Ninyi mkikaa katika neno langu, mmekuwa wanafunzi wangu kweli kweli, tena mtaifahamu kweli, nayo hiyo kweli itawaweka huru." Mkikaa. Wanafunzi. Sasa mwanafunzi gani mmemuona ameandikishwa darasa la kwanza Jumatatu, Ijumaa anapewa cheti?

Najua ninachosema kwa sababu mimi nimeokoka mara nane. Msicheke. Mara ya kwanza nilikuwa kidato cha pili, mwaka 2003, kwenye kongamano la wanafunzi, na ilikuwa kweli kabisa, nililia mpaka kamasi. Lakini wiki mbili baadaye nikagombana na mwenzangu bwenini kwa ajili ya ndoo, nikamtukana matusi ya kwetu yale mazito, basi nikajua sikuokoka vizuri. Mhubiri akija tena akiita watu mbele, naenda. Nikikosea tena, naenda tena. Nikawa na daftari dogo naandika dhambi za kila siku ili usiku nisisahau hata moja kwenye kutubu, siku zenye dhambi chache ndio nalala vizuri. Miaka yote hiyo ukiniuliza nakwambia niko huru ndani ya Kristo, na nakwambia nikiwa natetemeka.

Hereni pia. Nilipookoka tuliambiwa hereni ni za Yezebeli, nikavua, nikampa dada wa jikoni. Sikuvaa tena mpaka matundu yakaziba. Mwaka juzi binti wa dada yangu akaniletea hereni ndogo za zawadi, vidoti tu vya rangi ya fedha, nikaziweka kwenye kabati miezi minne. Kila nikifungua kabati naziona na moyo unanidunda, mtu mzima na watoto wake wawili anaogopa vidoti. Siku moja nikakaa mbele ya kioo nikasukuma, upande wa kushoto ikapita kwa maumivu, wa kulia ikagoma, ikatoka damu kidogo, nikavaa hiyo moja nikaenda nayo sokoni nimejifunga kitenge kichwani kuficha. Hakuna kilichotokea. Vitunguu vilikuwa bei ileile. Nikacheka peke yangu njiani kama chizi.

Sisemi hereni ndio uhuru, jamani msije kwenye inbox. Nasema ilinichukua miaka zaidi ya ishirini kujua kwamba Mungu hakuwa amekaa pale kwenye ndewe ya sikio langu na fimbo.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba sisi watu wa ukanda huu tulitakiwa tuwe wa kwanza kuelewa hili. Fungua Wagalatia 5:1 kwenye Biblia ya Union, ile ya bibi yenye jalada jeusi. "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Tafsiri nyingine zimeweka uhuru tu, sawa, inaeleweka haraka, lakini ungwana ni neno zito. Leo tukisema muungwana tunamaanisha mtu mwenye adabu. Zamani pwani muungwana alikuwa mtu ambaye si mtumwa, basi. Na kongwa lilikuwa lile gogo lenye panda linalokaa shingoni, watu wakitembezwa kutoka bara mpaka Bagamoyo. Waliotuwekea maneno haya waliandika kwa lugha ya watu walioyaona hayo mambo, au ambao babu zao waliyaona.

Na hao watu walijua uhuru hauji kwa siku moja. Unguja soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash akiwa amebanwa na Waingereza, na pale pale Mkunazini palipouziwa watu likajengwa kanisa kuu la Anglikana, leo watalii wanapiga picha. Mtu anasoma hiyo historia haraka haraka anadhani watumwa wakaondoka jioni hiyo wanaimba. Wapi! Kilichopigwa marufuku 1873 ni biashara. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, miaka 24 baadaye, na hata hapo hukuambiwa tu nenda, ilibidi uende mwenyewe mahakamani ukadai uhuru wako, uoneshe una pa kukaa na namna ya kupata riziki, la sivyo unahesabiwa mzururaji. Masuria wao waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909. Wengi hawakwenda kabisa mahakamani, wakabaki kwenye mashamba yaleyale ya mikarafuu, chini ya bwana yuleyule, sasa kwa makubaliano. Unaweza kumlaumu mtu huyo? Anajua kupanda, anajua kuchuma, anajua kuitika akiitwa. Nani amewahi kumfundisha kuamka asubuhi akajiuliza leo nifanye nini?

Sasa mlete huyo mtu kanisani kwetu, kipindi cha ushuhuda, aseme, "Ndugu zangu, karatasi ya mahakama ninayo, ila bado nikisikia sauti ya bwana wangu naruka." Atanyang'anywa maiki.

Israeli je? Bahari imepasuka, Farao kazama, mana inashuka kila asubuhi, na watu wanalilia matango na vitunguu saumu vya Misri, Hesabu 11 hiyo. Na hata nchi ya ahadi yenyewe Mungu alisema waziwazi Kutoka 23 hatawafukuza adui zao ndani ya mwaka mmoja, atawafukuza kidogo kidogo, nchi isije ikawa ukiwa na wanyama wa mwitu wakawazidi. Kidogo kidogo, kasema Mungu mwenyewe! Sisi tunataka mkesha mmoja.

Petro sitaki hata kumuongelea sana. Amehubiri Pentekoste, ameoneshwa maono ya ile nguo kubwa kama shuka, amekula kwa Kornelio asiye Myahudi, halafu anafika Antiokia, wanatokea watu kutoka kwa Yakobo, anaogopa anahama meza ya wasio Wayahudi. Miaka imepita hapo.

Najua kuna mtu ana kidole kwenye kitufe cha komenti tayari. "Kwa hiyo dada unahalalisha dhambi." Haya. Nakubali, kwa shingo upande lakini nakubali, wapo wanaoitumia neema kama kadi ya kulipia kila kitu, mtu ana nyumba ndogo mbili anakwambia bado niko kwenye mchakato. Mchakato gani, kaka, huo ni uhuni. Paulo huyohuyo aliyeandika 5:1 akaandika na 5:13, uhuru usiwe sababu ya kuufuata mwili. Na nakubali pia wapo wanaofunguliwa siku hiyohiyo. Mjomba wangu aliacha gongo usiku mmoja, hajarudi tena, na kila akisimulia anasimulia kama vile aliyechukua miaka kumi ni mvivu. Mjomba, Mungu akubariki, lakini hasira yako na wewe tunaijua nyumbani.

Ila shida yangu kubwa siyo mjomba wala yule mzee. Shida ni kwamba mtu akishaambiwa hayuko huru vya kutosha, hakai hivyo hivyo, anaenda kutafuta pa kumalizia. Na wauzaji wapo. Chupa ya mafuta, maji, chumvi, kitambaa cha kufunga mkononi, mfungo wa siku 21 wenye bahasha ya sadaka ya kujimaliza, nabii anayekwambia tatizo ni madhabahu ya bibi yako mzaa baba. Mtu aliyetoka kwa mganga anajikuta kwa mganga mwenye suti. Mimi mwenyewe kuna mwaka nilikuwa silali bila kupaka mafuta kwenye kizingiti cha mlango, siku yameisha nikamwamsha mume wangu saa sita usiku nikitaka twende dukani, yeye akaniuliza tu, "Mama Neema, kwani Yesu naye kaisha?" Nilinuna siku mbili. Alikuwa sahihi na mpaka leo sijamwambia.

Juzi Jumatano nimepita kijiweni kwa bodaboda, nikamuona yule kijana amekaa juu ya pikipiki, ana sigara. Alivyoniona akairudisha nyuma ya mgongo haraka, moshi ukawa unapanda taratibu begani kwake, yeye anatabasamu kama mtoto aliyekula sukari.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Ya ngapi hiyo leo?"

Akaangalia chini. "Ya kwanza."

Ilikuwa saa kumi jioni. Nikamwambia hongera, twende nipeleke Rangi Tatu. Akaikanyaga, akanipa helmeti, na tulivyofika kwenye foleni akageuza shingo akaniuliza kama ibada ya kwanza Jumapili inaanza saa moja kamili au na nusu.