Ramani imeshachorwa, maoni ya nini?

Ukumbi wa kikao cha kuwaomba wakazi maoni kuhusu mpango wa jiji ni uleule. Ramani ya jiji imebandikwa ukutani, ina rangi saba, na maelezo ya kila rangi yameandikwa kwa herufi ndogo kiasi kwamba hata aliyesimama mbele yake lazima ainame. Afisa mipango miji anaeleza kwa dakika arobaini jinsi jiji litakavyokuwa miaka ishirini ijayo, kisha anauliza kama kuna swali. Mkono wa kwanza kupanda hauna habari na miaka ishirini. Mwenye mkono anataka kujua taka za mtaa wake zitazolewa lini.

Hapo meza kuu hutazamana na kutabasamu. Kwa wale wanaoamini kwamba mipango ya jiji waachiwe wataalamu, swali hilo ni ushahidi tosha. Mtaro wa majitaka haupigiwi kura, wanasema. Una mteremko wake na kipenyo chake, na anayevijua ni mhandisi. Isitoshe, madiwani tumeshawachagua. Kama kila jambo litarudishwa ukumbini, tuliwachagua wa nini? Tusiidharau hoja hii. Diwani akiharibu, kura ijayo inamsubiri. Umati ukiharibu, kesho yake humwoni wa kumshika.

Ila aliyeuliza habari ya taka si mjinga. Ameuliza kitu ambacho anaamini bado kinaweza kubadilika. Ya miaka ishirini ameyakuta yamechorwa na kupakwa rangi, na hakuna mtu anayepaka rangi kitu ambacho hajakiamua. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein, aliyewahi kuishauri serikali ya nchi yake kuhusu jambo hilihili, aliufananisha ushirikishwaji wa wananchi na ngazi ya vipandio 8. Cha chini kabisa ni kuchezewa akili, cha juu ni wakazi kushika usukani wenyewe. Katikati kuna kupashwa habari, kuombwa maoni na kutulizwa, vipandio ambavyo aliona ni geresha. Kwenye makala yake aliweka picha ya bango la wanafunzi wa Ufaransa, lililopitisha kitenzi kimoja kwenye nafsi zote kama darasani: mimi nashiriki, wewe unashiriki, yeye anashiriki, sisi tunashiriki, ninyi mnashiriki, wao wanafaidi.

Watu wakipewa kitu cha kweli mkononi, mambo huwa tofauti. Porto Alegre, kusini mwa Brazili, ilianza kuwashirikisha wakazi kupanga bajeti ya jiji mwaka 1989 chini ya meya Olívio Dutra wa Chama cha Wafanyakazi. Jiji liligawanywa kanda 16, na kila mwaka wakazi wa kila kanda walikaa kupanga fedha za miradi zianzie wapi: lami, maji, shule. Mgawo haukwenda kwa mwenye sauti kubwa. Kulikuwa na alama, zilizohesabiwa kwa idadi ya watu, kwa ukubwa wa upungufu wa huduma, na kwa kipaumbele ambacho kanda yenyewe ilikitaja. Mtaa usio na mabomba ulikuwa na alama nyingi kuliko mtaa unaotamani bustani ya pili, na vikao vikajaa watu wa kipato cha chini, wale ambao kwingineko huwaoni. Benki ya Dunia iliandika kwamba kaya zilizounganishwa na maji na majitaka zilipanda kutoka asilimia 75 mwaka 1988 hadi 98 mwaka 1997. Vikao peke yake visingefanya hayo, maana Katiba mpya ya Brazili ya 1988 nayo ilikuwa imeziongezea manispaa mapato. Kupanga bila fedha ni kupiga soga tu.

Na utaratibu ule ulisimama kwa utashi wa walioko madarakani zaidi kuliko kwa sheria. Chama kilishindwa uchaguzi mwaka 2004, jina likabaki, nguvu ikapungua, na mwaka 2017 shughuli ikasimamishwa.

Kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, ni wale wanaokuja vikaoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walisoma mihtasari ya vikao vya mipango na ujenzi katika miji 97 ya jimbo la Massachusetts, wakawalinganisha waliozungumza na wapigakura wa maeneo yao. Waliozungumza walielekea kuwa wazee zaidi, wanaume zaidi, wenye nyumba zao wenyewe, waliokaa hapo muda mrefu. Wengi walisimama kupinga nyumba mpya zisijengwe. Vikao vilipohamia mtandaoni wakati wa UVIKO, mambo yalibaki vilevile. Kumbe tatizo halikuwa kiti cha ukumbini wala nauli ya kufika. Mpangaji anayehamahama hakuja, na yule ambaye angepata chumba katika jengo linalopingwa hawezi kuja, kwa sababu bado haishi hapo.

Sauti hiyohiyo ya mtaa ndiyo iliyowahi kuokoa miji. New York ya miaka ya 1960, wakazi pamoja na mwandishi na mwanaharakati Jane Jacobs waliizuia barabara kuu ambayo Robert Moses, mtu mwenye vyeo lukuki vya kuteuliwa na visivyo vya kura, alitaka ipasue Manhattan ya kusini. Breki iliyozuia barabara ile ndiyo leo inayozuia nyumba za watu wasio na nyumba. Huwezi kuisifu breki siku moja na kuing'oa siku ya pili.

Kwa hiyo mimi sina imani kubwa na mkutano wa wazi, hata ukiitishwa kwa nia njema. Kwa mambo ya mtaani afadhali fungu la fedha lenye kiwango kinachojulikana. Paris ilitenga asilimia 5 ya bajeti ya uwekezaji kuanzia 2014, wakazi wakapiga kura kuhusu miradi. Ni kidogo, ndiyo, na mtu ana haki ya kuuliza habari za zile 95. Kwa mipango ya miaka ishirini, afadhali kura ya bahati nasibu inayochota watu wa kila namna, wapewe muda na wataalamu wa kuwahoji, kama Baraza la Wananchi la Paris la watu 100 lililoundwa mwaka 2021. Uamuzi wa mwisho wabebe madiwani, wakijibu kwa maandishi kila walichokikataa na kwa nini.

Nikialikwa kwenye kikao, siku hizi huanza na kona ya chini ya ramani, pale panapoandikwa tarehe. Kama pana neno "rasimu", nakaa nasikiliza hadi mwisho. Kama muhuri wa kuidhinishwa umeshapigwa, nanyoosha mkono na kuuliza habari ya taka.