Huku wanamfundisha dereva abiria, kwetu tunamfundisha gari

Dereva aliyezungusha usukani wa Coaster Mbagala miaka 15, akihamia huku Uingereza, hapewi basi dogo la kanisa. Leseni ya Tanzania haibadilishwi huku. Ataitumia kwa gari dogo miezi 12 tangu awe mkazi, kisha anafanya mtihani upya kama kijana aliyemaliza shule jana, na akifaulu anasubiri miaka miwili. Wakati huohuo mwalimu wa hesabu aliyefaulu mtihani wa gari dogo kabla ya tarehe 1 Januari 1997 anaruhusiwa kubeba abiria 16 bila kutahiniwa tena, mradi hakuna nauli wala malipo. Watu wetu wengi huliona hilo ni dharau. Nami sisemi ni haki.

Waliofaulu tangu tarehe hiyo wana masharti zaidi: umri wa miaka 21, leseni ya miaka miwili, kujitolea bila mshahara, chama kisicho cha biashara, hakuna tela, na gari lisilozidi tani 3.5 (au 4.25 likiwa na vifaa vya walemavu). Kwenye uzito ndipo wengi wanapoteleza. Basi lenye kilo 2,400 likiwa tupu linabakiza kilo 1,100. Watu wazima 17, dereva akiwemo, kwa kilo 75 kila mmoja ni kilo 1,275. Gari limezidi na hakuna begi hata moja lililopakiwa.

Kwa hiyo leseni haitoshi, na vyama vyenyewe vinalijua hilo. Ndiyo maana kuna mafunzo ya MiDAS, yaliyoanzishwa na Community Transport Association (muungano wa vyama vya usafiri wa kijamii) kwa madereva wa mashule, makanisa na vikundi vya wazee. Hayalazimishwi na sheria. Dereva anasoma nadharia, anaendesha akiwa na mkaguzi pembeni, anapata cheti cha miaka minne, kisha anarudia.

Wanafundisha nini? Kwanza, kulizunguka gari kabla ya safari, karatasi mkononi: taa, vioo, wipa, nati za magurudumu, mlango wa dharura (unafunguliwa kweli, si kutazamwa tu), kizimamoto, sanduku la huduma ya kwanza. Kwenye tairi hawaangalii kashata (mikato yake ya juu) pekee. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa herufi za DOT, kuna tarakimu nne: 3514 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2014. Tangu Februari 2021 tairi lililozidi miaka kumi haliruhusiwi kwenye basi dogo lenye tairi moja moja (si pacha), hata kashata zikiwa mpya kabisa, kwa sababu mpira huzeeka kwa ndani na hupasuka ukipata joto na mzigo. Kwetu tairi la aina hiyo tunaliita "bado zima".

Pili, mkia. Sehemu ya nyuma iliyozidi magurudumu ya nyuma hutupwa upande wa pili unapokata kona. Dereva wa gari dogo hajui hilo mpaka agonge nguzo, au mtoto aliyesimama ukingoni.

Tatu, abiria wa kiti cha magurudumu. Kiti kinatazama mbele, breki zake zinafungwa, kisha mikanda minne inashika fremu, si magurudumu wala sehemu za kukanyagia zinazochomoka. Baada ya hapo abiria anafungwa mkanda wake mwenyewe, uliolala kwenye nyonga. Kosa la kila siku ni kuupitisha juu ya mikono ya kiti: unaonekana umekaza, kumbe haujamgusa mtu. Kwetu abiria huyo anabebwa mikononi kama gunia na kiti kinapanda kwenye keria.

Waingereza nao hawakuzaliwa na hekima hii. Novemba 1993, kwenye barabara ya M40, basi dogo la shule liligonga gari la matengenezo ya barabara, wakafa wanafunzi 12 na mwalimu aliyekuwa akiendesha. Ndipo sheria ikabadilika: katika safari za watoto, kila mtoto awe na kiti kinachotazama mbele, chenye mkanda. Sisi tarehe 6 Mei 2017 tulizika mioyo Karatu, kwenye ajali ya basi la shule: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva.

Madereva wetu si wabovu wa mkono. Anayepanda na kushuka mlima Kitonga na abiria kila siku hana cha kufundishwa kuhusu gia. Kinachokosekana ni mamlaka ya kukataa. Dereva wa gari la shule anaambiwa na mwenye gari ampakie mtoto wa tatu kwenye kiti cha wawili. Akibisha, kesho asubuhi kuna deiwaka, dereva wa kibarua, kwenye kiti chake. Huku anayejitolea akikuta taa ya breki imekufa, anaandika kwenye karatasi, anasaini, gari linalala, na katibu wa chama ndiye anayehangaika kutafuta jingine.

Karatasi hiyo ni ukurasa mmoja. Shule yoyote Tanzania inaweza kuitoa fotokopi leo, nakala moja ikabaki kwa mwalimu mkuu kabla gari halijatoka getini, deiwaka naye akisaini kama wengine. Waanze na mlango wa dharura wa basi la kipanya, ule uliozibwa na kiti cha kukunja.