Shangazi na Mstari Usiokatika

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na wateja wake huelezea gauni kwa mikono hewani: hapa pabane, hapa papanuke, huku nyuma paburuze. Siku ya kuchukua nguo ndipo kesi inapoanza. Basi nikamtengenezea programu ya kuchorea kwa lugha ya kompyuta ya JavaScript, inafunguka kwenye brauza: unabonyeza, unaburuta, unaachia. Picha ibaki kuwa ushahidi.

Wa kwanza kuja alikuwa bi harusi mtarajiwa, kafuatana na mama mkwe. Nikakaa nichore. "Hebu toka hapo, wewe unajua gauni?" Shangazi akashika mausi mwenyewe. Akachora mabega, akachora kiuno, akashuka na mkia kwa mbwembwe mpaka nje ya ubao wa kuchorea, na huko nje ndiko alikoachia kitufe.

Sasa ubao ulikuwa umesikia `mousedown`, taarifa kwamba kitufe kimebonyezwa. Ile `mouseup`, taarifa ya kuachia, ilitokea nje ya mipaka yake, haikuufikia, nao ukaamini kidole bado kimekandamiza. Shangazi alipoirudisha mausi ndani, mstari nyuma yake. Akaenda kushoto, mstari huo. Akapanda kutafuta kitufe cha kufuta, mstari ukapita kifuani kwa bi harusi ukamzunguka shingo.

"Nimeshakuachia!" akaifokea laptopu. "Na wewe niachie!" Akainua mikono yote miwili kama mtu aliyekurupushwa na polisi.

"Bonyeza tena, Shangazi, uachie humohumo ndani."

Akabonyeza, akaburuta, akaachia nje tena.

Mama mkwe akashusha miwani. "Fundi, na hiyo kamba ya shingoni nayo ni fasheni?"

Dawa yake haikuwa kubwa. Nikahamisha usikilizaji wa `mouseup` kutoka kwenye ubao kwenda kwenye dirisha zima, na kila `mousemove`, taarifa kwamba mausi imesogea, ikaanza kwa kuuliza `buttons`, yaani vitufe gani vimebonyezwa. Jibu likiwa 0, hakuna kilichobonyezwa, acha kuchora. Shangazi kanisimamia kichwani, wageni wameagiziwa soda. Nikapakia ukurasa upya, na kama ilivyo kawaida, mchoro wote ukafutika. Ubao mweupe, programu nzima kabisa.

Kumbe bi harusi alikuwa ameshaipiga picha skrini na kuwatumia dada zake. Akainua simu, uso unang'aa. "Fundi, wameipenda! Ila wanauliza hiyo kamba inazunguka mara ngapi, picha imekuja na ukungu. Hebu tuione vizuri."

Shangazi akautazama ubao mtupu, akanitazama mimi.

"Mwanangu, hii nzima kaa nayo. Nirudishie ile mbovu."