Kilo 77 za Mbuta Zilizorukwa

Kuna akina mama hapa Kisumu wanaonunua mbuta ufuoni. Wanapimiwa palepale, wanapeleka samaki kwenye chumba cha barafu, huko wanapimiwa tena. Hesabu za mizani hizo mbili huingia katika programu ambayo fundi mmoja aliwaandikia, kisha akaenda zake Nairobi. Waliponunua laptopu mpya, mama mweka hazina akanipigia simu: "Nyathina, njoo uhamishe ile kitu. Na uje na shemeji yako, sipendi mtu mmoja peke yake karibu na hesabu."

Tulikaa nje ya chumba cha barafu, kando ya ndoo za omena. Mlinzi wa barafu, ambaye mwezi ule wote alikuwa akitazamwa kwa jicho la pembeni, alituletea benchi na soda bila kuombwa.

Programu ilijengwa kwa Autotools, zana za kuiandaa programu ijengwe kwenye mashine mpya. Niliandika amri ya kuziamsha, autoreconf -i, ikalalamika kwamba kuna makro (kipande cha maagizo yaliyoandikwa tayari) isiyojulikana, na makro yenyewe imelala ndani ya folda ya m4, mbele ya macho yetu. Aclocal, zana inayokusanya makro, huenda moja kwa moja /usr/share/aclocal. Folda yako haiingii mpaka uielekeze. Nikaongeza AC_CONFIG_MACRO_DIRS([m4]) kwenye configure.ac, na ACLOCAL_AMFLAGS = -I m4 kwenye Makefile.am, maana mimi hufunga mlango kwa komeo na kufuli. Ikapita.

Jaribio la kukagua programu lilikuwa moja tu, skripti ya Python iitwayo mizani.py. Ekstensheni (mkia wa jina la faili) ambayo Automake, mmoja wa zile Autotools, inaitambua bila kuambiwa ni .test, basi nikaandika TEST_EXTENSIONS = .py, na PY_LOG_COMPILER = python3 ili ijue nani wa kuliendesha. Fundi yule alikuwa na mawazo yake. Skripti ilisoma daftari la kweli la mwezi, ikatoa kilo za barafuni kwenye kilo za ufuoni, na jibu likawa ndiyo nambari ya kutokea, ile ambayo skripti humwachia aliyeiendesha inapomaliza. Sifuri, mambo sawa. Nambari nyingine yoyote, kosa. Karibu yoyote.

Nikaandika make check, amri ya kuendesha majaribio. Akina mama wakajazana nyuma yangu. Shemeji, ambaye hawezi kusoma kimyakimya, akatangaza: "FAIL: 0! ERROR: 0!" Vigelegele! Mlinzi wa barafu aliruka juu kuliko wote, akanikumbatia na soda yangu mkononi.

Mama mweka hazina peke yake hakupiga kigelegele.

"Na hiyo ya bluu?"

"SKIP, Mama. Jaribio limerukwa."

"Limerukwa na nani?"

Nikafungua mizani.log. Mstari mmoja: tofauti, kilo 77.

Sasa, kwa Automake jaribio likitoka na 77 linasema "leo sipimiki, nirukeni", labda mashine haina kitu linachokihitaji. Kilo 76 zingewaka nyekundu, FAIL. Kilo 78 vilevile. Kilo 99 zingekuwa ERROR, mambo kuharibika kabisa, na hapo mimi na Automake tungekubaliana.

"Kilo sabini na saba za mbuta," Mama akasema, "na mashine inasema turuke?"

Vichwa vyote vikamgeukia mlinzi.

"Ni maji, Mama. Samaki akikaa kwenye barafu hupungua maji."

"Maji kilo sabini na saba? Hiyo ni mitungi minne kasoro kidogo! Uliimwaga wapi?"

Nikabadilisha skripti itoke na 1 palipo na tofauti yoyote, nikaendesha tena, ikawaka nyekundu ilivyopaswa. Ningefunga laptopu hapo, lakini shemeji akaona aongeze elimu. "Afadhali zilikuwa 77," akasema. "Nambari ya kutokea haipiti 255. Zingepotea kilo 256, inarudi sifuri, mashine inaandika PASS ya kijani, na hakuna mtu angejua."

Nikamkanyaga mguu, nimechelewa. Katikati ya duara la akina mama, mlinzi wa barafu akainua kidole.

"Samahani, shemeji. Umesema mia mbili hamsini na ngapi?"