Hofu ya mshipa kupasuka tena nayo inatibiwa
Kuna makala nimesoma inasema aliyevuja damu ubongoni akitoka wodini anatembea na kuongea, basi amepona. Hapo sikubaliani hata kidogo. Wengi hurudi nyumbani na hofu kwamba mshipa utapasuka tena: usingizi unakatika, tukio linarudi ndotoni, na kichwa kikiuma kidogo tu wanakimbilia mashine ya presha. Akipima mara 15 kwa siku, hofu yenyewe inapandisha namba, na namba inaongeza hofu. Apime asubuhi na jioni tu: akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, apime mara 2 kwa kupisha dakika 1, aandike daftarini. Dawa asiache eti presha imeshuka; imeshuka kwa sababu anameza. Maumivu ya kichwa ya kukimbiza hospitali usiku huohuo ni yale yanayofika kilele ndani ya dakika 1, au yanayokuja na kutapika, shingo kukakamaa, mdomo kwenda upande. Na jamani, aliyeangukia bafuni mshipa ulipopasuka asilazimishwe kuoga humo siku ya kwanza: leo asimame mlangoni na mtu wake, kesho aingie anawe uso, hivyo hivyo hadi mwili uzoee. Hofu ikipita mwezi mmoja, aonwe kwenye kitengo cha afya ya akili. Hapa Uganda hospitali za rufaa za mikoa zinavyo, si Butabika peke yake, ile hospitali ya taifa ya afya ya akili Kampala. Mnaouguza huko Mbale, Arua na Masaka, siku ya kliniki mgonjwa wenu huulizwa anavyolala, au ni presha tu?