Yai la Baharini Nalo Huchagua

Tumezoea kudhani kwamba kumchagua mwenzi ni kazi ya macho na masikio, kwa hiyo tunapowatazama wanyama wa baharini ambao dume humwaga mbegu majini na jike akamwaga mayai, tunaona ni bahati nasibu ya mikondo tu. Naamini dhana hiyo si sahihi, tena inatuponza katika namna tunavyoilinda bahari yetu.

Mtazame yule mnyama mviringo mwenye miiba mirefu, aitwaye kwa Kiingereza sea urchin, anayemchoma kila apitaye mwambani bila viatu maji yakipwa. Mbegu yake ya kiume hubeba kichwani protini iitwayo bindini, ambayo hushikamana na ngozi ya yai. Mwaka 1999 mwanabiolojia wa bahari Stephen Palumbi alionyesha, kwa wanyama hao wa miiba wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Echinometra ambao jamaa zao wamo pia kwenye miamba ya pwani yetu, kwamba mayai hupokea kwa urahisi zaidi mbegu zenye bindini ya aina inayolingana na ile ya jike aliyeyataga mayai hayo. Madume wote wamemwaga katika maji yale yale, lakini yai halikuwapokea sawasawa.

Uteuzi huo una masharti magumu. Mbegu zikiwa chache mno, yai hupotea bila kurutubishwa. Zikiwa nyingi mno, mbili huweza kuingia pamoja na kiinitete kikafa. Ndiyo maana yai likishapokea mbegu moja hubadilisha umeme wa utando wake mara moja, na ndani ya dakika moja hivi hujiinulia ganda la kuwazuia waliochelewa. Kwa hiyo yai linalopokea upesi hunufaika pale madume wanapokuwa adimu, na lile linalojizuia hunufaika penye msongamano. Uteuzi, kwa maneno mengine, hutegemea umati.

Hapo ndipo ninapomkumbuka jongoo bahari, ambaye huvunwa na kukaushwa kwa ajili ya soko la Asia. Wakati wa kuzaa huinua nusu ya mwili wake juu ya mchanga, akayumba taratibu huku akimwaga mbegu au mayai kupitia tundu lililo karibu na kichwa. Hawezi kutembea usiku mmoja kumfuata mwenzake aliye mbali, na mbegu humezwa na maji mengi zikishasafiri mita chache tu. Jongoo 100 waliotawanyika kwenye mwamba mrefu si sawa na jongoo 100 waliokaa pamoja kwenye ghuba moja, ingawa daftari la hesabu litawaandika sawasawa.

Kwa hiyo sioni kwamba kupima urefu wa jongoo anayeuzwa kunatosha. Ningependa kamati za uvuvi za vijiji zitenge vipande vya mchanga ambavyo jongoo wakubwa waliomo hawataguswa kabisa, na vipande hivyo vichaguliwe pale ambapo wavuvi wenyewe wanajua kwamba jongoo bado wanalala karibu karibu.