Ziwa Letu ni Sinia, Si Kisima

Mwaka jana nilitoka na mjomba kwenda kutega jarife, wavu wa kunasia samaki, Ziwa Victoria, si mbali na Mwanza. Alipovuta nanga ilipanda na tope jeusi, laini kama uji wa ulezi, linanuka yai viza. Katikati ya tope kulikuwa na kipande cha mfuko wa nailoni. Mjomba alikichomoa, akakitia kwenye ndoo. "Hiki kimetoka mitaroni kwetu, mwanangu," akasema.

Tangu siku hiyo siwezi kulitazama ziwa kwa juu tu. Tunasema ni bahari kwa sababu ng'ambo haionekani, na kweli ni kilomita za mraba zipatazo 68,800. Lakini Ziwa Tanganyika linashuka mita 1,470, na hili letu, penye kina kirefu kabisa, ni kama mita 80 tu. Lilizaliwa ardhi ya upande wa magharibi ilipoinuka ikaizuia mito iliyokuwa ikielekea huko, maji yakatandaa. Miaka kama 15,000 iliyopita lilikauka. Ni sinia, na tunalimwagia taka kana kwamba ni shimo lisilojaa.

Jiwe la Bismarck, lile linalosimama majini pale Mwanza, kila mgeni hulipiga picha. Mawe ya namna hiyo yanaendelea chini ya maji, na katika mianya yake wanaishi furu, samaki wadogo wa rangi rangi. Walikuwa mamia ya aina. Nyingi zilipotea sangara, samaki mkubwa anayewala, alipoongezeka miaka ya 1980. Maji machafu nayo yalichangia: furu jike humchagua dume kwa rangi yake, na kwenye maji ya matope rangi haionekani.

Ila kinachoniuma zaidi ni kokoro, nyavu ya kukokota. Sato dume huchimba kiota kwenye maji mafupi, kishimo cha mviringo kama bakuli chini mchangani. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai mdomoni na kuyalea hadi yaanguliwe. Sasa pitisha hapo nyavu inayokokotwa chini hadi ufukweni. Inafagia viota, inazoa vifaranga, inatibua tope lote. Kokoro ni marufuku, kila mtu mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, anajua, na bado inavutwa usiku.

Siwalaumu wavutaji peke yao. Wengi ni vijana wanaolipwa kwa siku, na tajiri wao amelala nyumbani. Nasi tunaonunua visato vitano kwa fungu tunaulipia usiku ule. Doria ni za serikali, sawa, lakini sufuria ni zetu.

Mama yangu ameamua hanunui sato mfupi kuliko kiganja chake na vidole vyake. Anampima pale pale mezani, mbele ya watu. Wiki ya kwanza muuzaji alinuna. Juzi alimwita kwa mbali: "Mama, njoo, leo nimekuwekea wakubwa."